Orodha ya machapisho haiandikwi usiku wa kuamkia tathmini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nimjibu mhadhiri aliyelalamika humu kwamba machapisho yake mawili hayakuhesabiwa katika tathmini ya utendaji kazi, na kwamba lawama ni ya makarani wa idara, ambao kwa maelezo yake hawajui hata kutofautisha jarida na gazeti. Mimi ni karani wa idara. Kazi hii nimeifanya miaka 19 na wakuu wa idara sita wamenipita. Tofauti ya jarida na gazeti naijua vizuri: gazeti likisema linakwenda mitamboni, kesho asubuhi lipo mezani. Makala ya msomi ikisemwa iko mitamboni, inaweza kukaa humo mpaka karani astaafu.

Sitanii. Ninalo faili la mhadhiri mmoja ambaye makala yake iliandikwa "iko mitamboni" kwenye fomu za miaka sita mfululizo. Kichwa cha makala kilibadilika mara mbili, jina la jarida lilibadilika mara moja, mitambo ikabaki palepale. Mwaka wa saba mjumbe mmoja wa kamati akauliza ni mitambo ya kuchapa au ya kusaga. Ukumbi ulicheka. Mwenyewe hakuwa na la kusema, na ubaya zaidi ni kwamba makala zake nyingine tatu, halali kabisa, zilikaguliwa siku ile kama noti zinazoshukiwa kuwa bandia.

Sasa nieleze jinsi orodha zinavyofika kwangu, maana nadhani huyu ndugu hajawahi kukaa upande huu wa meza. Barua ya kuzitaka hutoka wiki sita kabla ya kikao. Wiki tano za mwanzo ni kimya. Siku ya mwisho, kuanzia saa nane mchana, mlango haufungwi. Mmoja kashika flashi. Mwingine ametuma faili linaloitwa "wasifu mpya", baada ya dakika kumi linakuja "wasifu mpya wa mwisho", halafu "wa mwisho kabisa tumia huu". Nalifungua hilo la mwisho kabisa, nakuta machapisho yameishia miaka mitatu nyuma, kwa sababu kasahihisha nakala isiyo yenyewe. Nikimpigia simu ananiambia, "Dada, niunganishie tu, vyote vipo." Vipo wapi? Kimoja kiko kwenye baruapepe ya kazini. Kingine kwenye baruapepe ya zamani ambayo nywila yake imesahaulika. Cha tatu, kurasa zake anazijua mwandishi mwenza, na mwandishi mwenza yuko safarini, simu haipatikani.

Huko ndiko yanakopotelea, ndugu mhadhiri. Yakifika kwangu yameshapotea.

Ninachotaka kusema ni hiki: chapisho lina siku yake ya kuandikwa kwenye orodha, na siku hiyo ni ile mhariri wa jarida anapokuandikia kwamba muswada umekubaliwa. Siku hiyo kila kitu kiko mbele ya macho yako. Kichwa cha makala kimeshatulia. Majina ya waandishi yamepangwa na hakuna aliyenuna bado. Jina la jarida limeandikwa kwa urefu wake na tarehe iko juu ya barua. Ni kazi ya dakika tano. Ukiisubiri tathmini, dakika tano hizo hugeuka mchana mzima wa kupekua, na hata hapo unaandika kwa kukisia. Barua yenyewe uiweke kwenye folda nje ya baruapepe, kwa sababu mpaka makala itakapotoka, hiyo barua ndiyo ushahidi pekee kwamba hukuota.

Baada ya hapo mstari ule unakua. Ulianza "umekubaliwa", unafuata "imetoka mtandaoni" pamoja na namba ya DOI, ile ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, mwisho inapata juzuu, toleo na kurasa. Kila hatua ni kurudi kwenye mstari uleule na kuongeza kitu. Asiutungie mtu mstari mpya, kwa sababu huo ndio mwanzo wa makala moja kuhesabiwa mara mbili, mara ya kwanza bila kurasa na mara ya pili ikiwa nazo. Kamati ikishagundua jambo hilo haimwiti mtu msahaulifu. Humwita jina jingine.

Nitasimulia kisa kimoja kwa urefu. Mwenyewe ameniruhusu mradi nisimtaje. Mhadhiri mmoja wa idara yetu, mama mwangalifu ambaye hata risiti za karatasi ya printa huziandika nyuma tarehe, makala yake ilikubaliwa mwezi wa Oktoba. Desemba ikatoka mtandaoni ikiwa na DOI, lakini haikuwa na juzuu wala kurasa, kwa kuwa jarida lilikuwa bado halijaipangia toleo. Fomu ya mwaka ule ilidai juzuu, toleo na kurasa. Akaona haijakamilika, akaiacha, aje aijaze mwakani ikiwa nzima. Machi ikaingia kwenye toleo, ikapata namba zake zote. Fomu iliyofuata akaiandika ya kwanza kabisa.

Kwenye kikao, mjumbe akabofya ile DOI. Ukurasa wa jarida ukafunguka, na juu yake pameandikwa kwamba imechapishwa Desemba. "Hii ni ya mwaka jana," akasema. Wakafungua fomu ya mwaka jana: haimo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza haikuhesabiwa kwa kuwa haikuandikwa, na mwaka wa pili haikuhesabiwa kwa kuwa ni ya mwaka wa kwanza. Kazi ya miezi 14 ikadondokea kwenye ufa kati ya karatasi mbili. Alikata rufaa. Barua ya Oktoba ilitafutwa siku tisa ikapatikana kwa mwandishi mwenza, rufaa ikakubaliwa, ila kikao cha kupandisha vyeo kilikuwa kimeshafungwa. Akasubiri mwaka mzima mwingine akiwa na haki yake mfukoni.

Siku hizi nawaambia waandike tarehe zote mbili: ilitoka mtandaoni lini, na iliingia kwenye toleo lini. Kamati ichague inayoitaka. Tena fomu yenyewe ingepaswa kusema ni tarehe ipi inayohesabika. Ya kwetu haisemi, nami nimeshaliandikia hilo mara mbili.

Na mimi nikiri kosa langu, maana nisipolisema kuna watu wa idara yangu watakaosoma hapa watacheka.

Miaka ya mwanzo nilikuwa na tabia ya kusafisha orodha za watu: naondoa nafasi zilizozidi, narekebisha herufi kubwa, nasahihisha makosa ya kuchapa. Siku moja nikakuta namba ya ISSN, ya kulitambulisha jarida, ile yenye tarakimu nane na kistari katikati, inaishia na herufi X. Nikajua kidole kimeteleza. Nikaifuta. Zikabaki saba. Mjumbe wa kamati akatafuta jarida kwa namba ile, hakupata kitu, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba jarida halijulikani. Mhadhiri alikuja mezani kwangu na ule ukurasa, akauweka chini taratibu, akaniuliza, "Dada, X yangu umeipeleka wapi?"

Mkutubi ndiye aliyenifundisha, na tangu siku hiyo sijaisahau. Tarakimu ya mwisho ya ISSN ni mlinzi wa zile saba. Chukua jarida la Nature la Uingereza, lile la karatasi: 0028-0836. Zile saba za mwanzo unazizidisha kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo. Sifuri hazikupi kitu. 2 mara 6 ni 12, 8 mara 5 ni 40, 8 mara 3 ni 24, 3 mara 2 ni 6. Jumla 82. Gawa kwa 11, kinabaki 5. Kutoka 5 mpaka 11 ni 6, na 6 ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa kuna wakati hesabu inaleta 10, na nafasi iliyopo ni ya alama moja tu, ndipo inapowekwa X, kumi ya Kirumi. Kwa hiyo niliyemfuta alikuwa mlinzi mwenyewe. Leo nikipokea orodha yenye ISSN inayonitia shaka, napiga hiyo hesabu kwenye karatasi ya pembeni kabla sijamwita mtu. Nimenasa nyingi zilizogeuzwa tarakimu, na mara mbili ni namba ambazo hazikuwa za jarida lolote. Wengi pia hawajui kwamba jarida moja linaweza kuwa na ISSN mbili, ya karatasi na ya mtandaoni. Mtu akiandika moja na mwenzake akaandika nyingine, kamati hudhani ni majarida mawili.

Kuhusu majina niseme kidogo. Idarani kwetu tuna wahadhiri wawili wenye jina la kwanza na la mwisho sawasawa. Tuna mwingine aliyechapisha kwa jina la baba, akaja kuchapisha kwa jina la mume, na sasa anatumia yote mawili. Kuna anayeanza na jina la ukoo kwenye jarida hili na kumalizia nalo kwenye lile. Binadamu anayewafahamu anaweza kuwatenganisha, kompyuta haiwezi. Mwalimu mmoja wa mambo ya udongo aliamua kujirahisishia: akaenda kwenye ukurasa wake wa Google Scholar, akanakili kila kilichokuwemo, akakibandika kwenye fomu. Ukurasa ule huwa unakusanya wenyewe usipouzuia, na ulikuwa umemkusanyia makala ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kamati ikamuuliza kwa upole aliianza lini kazi ya hospitali. Alikuwa hajaisoma orodha yake mwenyewe.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Namba ya ORCID, inayomtambulisha mwandishi mmoja tu hata majina yakifanana au yakibadilika, ilianza kutolewa mwaka 2012. Ina alama 16, nayo pia inaweza kuishia na X, kwa hiyo makarani wenzangu tafadhalini, msiifute. Ukiitaja wakati wa kuwasilisha muswada, na mchapishaji akaipeleka pamoja na taarifa za makala, basi Crossref, shirika linalosajili DOI za majarida mengi, linaweza kuiingiza makala kwenye ukurasa wako lenyewe, mradi umeliruhusu. Nimeona watu wakishangaa kukuta makala yao imeshafika huko kabla hawajamwambia hata mke. Lakini mtambo huo haujui sura ya kitabu isiyo na DOI, wala haujui jarida dogo lisilosajili. Kwa hiyo orodha ya mkono inabaki, na ORCID ni ya kukukumbusha ulichosahau.

DOI yenyewe, ile inayoanza na 10 na nukta, iandikwe badala ya anwani ndefu ya ukurasa wa jarida. Majarida yanahama nyumba kama wapangaji. Anwani ya ukurasa inakufa, DOI inaelekezwa upya na aliyeisajili. Mjumbe akibofya kiungo kikafia mbele yake saa kumi na moja jioni akiwa na mafaili 30 hajayagusa, msitegemee ataenda kutafuta.

Kuna jambo la nafasi ya mwandishi. Watu wanapenda kuandika jina la mwandishi wa kwanza kisha "na wenzake", hasa wao wenyewe wakiwa ndio wenzake. Kamati inataka kujua ulikuwa wa ngapi na ulifanya nini. Liandikeni hilo siku ya kukubaliwa, wakati kila mtu anakumbuka nani alikusanya data na nani alichora jedwali, kwa kuwa miaka mitatu baadaye kumbukumbu hugeuka, na kila mmoja hujikumbuka akiwa ndiye aliyebeba mzigo. Najua kuna makala ambazo swali hilo halijibiki: ile ya mwaka 2015 ya timu mbili za CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ziitwazo ATLAS na CMS, kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, ina waandishi 5,154, na majina peke yake yalichukua kurasa 24 kati ya 33. Sijui karani wao alijaza vipi fomu.

Mhadhiri wa fizikia aliyenipa habari hiyo ndiye aliyenipa na ya paka. Mwaka 1975 Jack Hetherington, mwanafizikia wa Michigan, Marekani, alimaliza kuchapa makala yake akiwa ameandika "sisi" kila mahali ilhali yuko peke yake. Mwenzake akamwambia jarida litaikataa kwa hilo. Badala ya kuichapa upya akamwongeza paka wake, Chester, kwa jina la F.D.C. Willard, na makala ikatoka Physical Review Letters ikiwa na waandishi wawili. Wengine wakiisikia hucheka. Mimi niliyeanza kazi kwa taipureta namwelewa kabisa.

Yale ya kuvimbisha orodha nayapitia haraka, kwa kuwa anayeyafanya anajua. Muhtasari wa mkutano wa nusu ukurasa si makala. Makala ya magazeti si makala ya jarida, na ikiandikwa mahali pake inakupa heshima yake. Muswada uliowasilishwa tu ni matumaini, uwekwe peke yake chini kabisa au usiwekwe. Makala iliyofutwa na jarida isinyofolewe kimyakimya kwenye orodha. Iandikwe kwamba imefutwa na lini, kwa kuwa kamati itakuja kuiona tu, na ikiiona yenyewe unakuwa na kesi mbili.

Idadi za makala yako kutajwa na watafiti wengine, vilevile, ziwe na tarehe na chanzo. Kuna kile kipimo cha h alichokitoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye makala 12 zilizotajwa kila moja mara 12 au zaidi ana 12. Mtu mmoja, siku moja, atapata namba moja Scopus na nyingine Google Scholar, kwa sababu hazihesabu kutoka ghala moja. Ukiandika namba tupu, mwenye nia mbaya ataifuata ile ndogo.

Lakini nisiwageukie wahadhiri peke yao, Mhariri. Ofisi zetu nazo zina dhambi, na hapa namuunga mkono yule ndugu, maana malalamiko yake yalikuwa na nusu ya ukweli.

Orodha hiyohiyo ya machapisho inatakiwa kwa tathmini ya mwaka. Inatakiwa tena kwa maombi ya kupandishwa cheo, kwa ripoti ya utafiti ya kitivo, kwa tovuti ya idara, na wakaguzi wa ithibati wakija inatakiwa upya. Mara tano, na kila ofisi ina sura yake. Moja inataka kuanzia la zamani, nyingine kuanzia jipya. Moja inataka mwaka uwe baada ya jina la mwandishi, nyingine uwe mwisho. Moja inataka miaka mitatu tu, nyingine maisha yote. Moja inataka jina la jarida kwa kifupi, nyingine inakataa vifupisho. Mhadhiri anaandika kitu kilekile mara tano kwa mkono, na kila mara ya kuandika ni nafasi mpya ya kugeuza tarakimu. Halafu kamati inalinganisha nakala mbili, inaona mwaka haulingani, inamwita mtu mwongo. Nimekaa kwenye chumba hicho nikiandika muhtasari wa kikao, nikijua kabisa kosa limezaliwa na fomu.

Hata kumbukumbu za kamati zenyewe huwa zimechakaa. Yupo mjumbe ambaye mpaka leo huuliza kama jarida fulani liko kwenye orodha ya Beall, ile ya majarida ya kilaghai iliyotungwa na mkutubi wa Colorado. Mwenyewe aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Jarida lililozaliwa baada ya hapo hakuweza kulisema lolote. Fomu yetu nayo ina safu ya kipimo cha jarida, yaani wastani wa makala za jarida zinavyotajwa, kwa kila makala, wakati Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012 na kujulikana kwa kifupi cha DORA, linasema wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kupimia makala moja moja wala mtu aliyeiandika. Safu bado ipo. Naijaza.

Ombi langu kwa wanaotunga fomu ni dogo. Mhadhiri alete orodha moja, orodha mama, yenye kila kitu alichowahi kutoa na DOI zake, na ofisi ndiyo ikate kipande inachokitaka kwa mpangilio inaoupenda. Programu za kufanya hivyo zipo na nyingine ni za bure. Zotero ipo tangu mwaka 2006, na mimi nisiyejua kompyuta zaidi ya kuchapa nimejifunza kuitumia kwa siku mbili. Unaingiza chapisho mara moja. Ukitaka kwa mtindo huu inatoa, ukitaka kwa ule inatoa. X haipotei.

Kwa upande wangu nimeanza jambo bila kutumwa na mtu. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi nawatumia wahadhiri wote 14 ujumbe wa mstari mmoja: kuna kilichokubaliwa, kilichotoka, au kilichopata kurasa? Mwezi wa kwanza walijibu wawili, na mmoja wao alijibu kunitakia wiki njema. Mwezi wa tatu mkuu wa idara naye akajibu, basi wengine wakaona. Sasa zinakuja barua za kukubaliwa siku ileile zilipoandikwa, nyingine saa sita za usiku zikiwa na furaha nyingi na hakuna tarehe. Nazifungulia folda, naandika mstari, namrudishia mwenyewe ausome. Kusoma ni lazima wasome wao. Mimi nimeshafuta mlinzi mara moja. Tathmini iliyopita, kabla ya siku ya mwisho orodha 11 zilikuwa tayari zimesainiwa.

Yule ndugu aliyelalamika, kama machapisho yake mawili bado yanamsumbua, amwone karani wa idara yake akiwa na barua za kukubaliwa mkononi. Asipokuwa nazo awaandikie wahariri wa hayo majarida awaombe nakala. Hizo barua huwa wanazo. Aende asubuhi.

Kwenye tathmini ya safari hii bado kuna orodha tatu. Leo ni siku ya mwisho, imeshafika saa tisa na nusu, na kuna mtu amesimama mlangoni kwangu ameshika flashi.

Karani wa idara
(Jina limehifadhiwa)